Mashine ya Bi Sihaba Iliponyamaza

Kwa miaka mingi, mtu akienda kusaga kwa Bi Sihaba alisema kwa vidole. Kidole kimoja juu, maana yake saga laini. Ngumi, maana yake paraza tu, ni chakula cha kuku. Na mtu akipunga kiganja mbele ya pua, alikuwa anasema: mama, toa kwanza mabaki ya mahindi ya huyo aliyetangulia, mimi nataka unga wa muhogo mtupu. Hakuna aliyefundishwa lugha hiyo. Ilizaliwa yenyewe ndani ya kibanda kile cha mabati, kwa sababu injini ya dizeli ilipokuwa inanguruma humo, hata ungepiga kelele sikioni mwa mwenzio, angekuona midomo tu.

Injini ile aliinunua marehemu mumewe, Bwanaheri, Mkwere wa hapohapo Kiwangwa. Bi Sihaba mwenyewe ni mtu wa Bagamoyo mjini, mtoto wa muuza vitambaa. Bwanaheri alikuwa akishuka mjini kuuza mananasi, akawa anamaliza biashara yake mapema halafu anakaa kibarazani kwa muuza vitambaa bila kununua hata kitambaa cha leso. Baadaye ikajulikana alichokuwa anakifuata.

Bwanaheri alipofariki, watu wengi walidhani mjane atamaliza eda, afunge mizigo, arudi kwao. Alimaliza eda. Siku iliyofuata akajifunga kibwebwe, akashika hendeli, akaizungusha mpaka injini ikakohoa, ikawaka. Wanawake waliokuwa wamesimama nje na ndoo zao wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Mashine, na yeye akaitika.

Lakini mashine ile haikuwa rafiki. Hendeli yake ilikuwa na tabia ya kurudi kwa nguvu, ukichelewa kuiachia inakupiga. Iliwahi kumvunja kifundo cha mkono, na mpaka leo mkono ule akiukunja unalia. Moshi ulimkaa kifuani. Kisha kuna dizeli yenyewe, iliyotoka Bagamoyo kwa madumu. Ilibidi ambembeleze kondakta wa basi, na kondakta anakunja uso, abiria wanaziba pua, dumu linavuja kidogo, na nguo yote inanuka. Hata kanga zake za Idi, alizozifungia sandukuni na udi, zilikuwa na harufu ya dizeli kwa mbali.

Kilichomchosha kabisa ni msiba mmoja. Mwaka ule mafuta yalipanda bei, halafu ikatokea wiki ambayo hata mwenye hela hakuyapata. Ndipo akafariki bibi mmoja wa jirani, watu wakajaa kutoka Mapinga na kwingineko, na makopa ya muhogo, vile vipande vilivyoanikwa, yako magunia mawili, makavu kabisa, lakini unga hakuna. Mashine imekaa kimya. Bodaboda nazo zimekauka, hakuna wa kupeleka mzigo kijiji cha pili. Ikabidi wanawake watoe vinu, watwange. Mama Mashine naye akashika mchi, akatwanga msibani na mkono wake mbovu, huku mashine yake iko hatua chache tu kutoka pale. Hakuna aliyemsema. Afadhali wangemsema.

Ndiyo maana Shamsudin alipokuja na habari za mashine ya jua, hakumfukuza.

Shamsudin ni fundi kijana wa Bagamoyo, mtu wa maneno mengi na mikono safi, jambo lililompa Bi Sihaba wasiwasi mwanzoni. Alifika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimebeba paneli, mota, na kinu kidogo cha chuma kisichozidi ukubwa wa beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kitakachosaga makopa?"

"Hichohicho, mama. Jua likiwaka, kinazunguka. Hakinywi hata kijiko cha mafuta."

"Na jua lisipowaka?"

"Kuna betri ndogo, itakumalizia mzigo ulioko mdomoni. Siwezi kukudanganya, siku ya mawingu mazito utapumzika."

Jibu hilo lilimpendeza. Alikuwa amezoea watu wanaouza vitu visivyo na kasoro.

Wakakubaliana hivi: Shamsudin ataifunga mashine ya jua, Bi Sihaba aijaribu mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. Injini ya dizeli ibaki palepale kibandani, maana ndiyo itakayokuwa malipo ya kwanza, yaliyobaki alipe kidogokidogo. "Nikirudi Ijumaa baada ya swala," Shamsudin alisema, "naondoka na kimoja. Ukiniambia nichukue injini, nachukua injini. Ukiniambia watu hawakuja, nafungua paneli zangu, kuna mtu Mapinga anazisubiri. Hapo tusilaumiane."

Paneli zikapanda juu ya paa. Mota ikafungwa. Asubuhi ya kwanza Bi Sihaba akabonyeza swichi kwa kidole kimoja, kitu kikaanza kuvuma taratibu, akakaa juu ya kigoda chake kungoja wateja.

Hakuja mtu.

Aliangalia njia mpaka jua likawa la utosi. Kuku wakaja, wakachungulia, wakaondoka. Alidhani labda kuna shughuli mahali. Siku ya pili, vilevile. Ndipo akamwona Tabia anapita njia ya nyuma na ndoo kichwani. Tabia ni dada yake Bwanaheri, yaani wifi yake, na hao wawili hawajawahi kusalimiana bila kuchokozana.

"Wifi! Unakwenda wapi na ndoo?"

"Kusaga. Nakwenda kupanda boda niende kijiji cha pili. Si umeishiwa mafuta?"

"Nani kakwambia nimeishiwa?"

"Masikio yangu. Tangu juzi kimya. Kijiji kizima kinasema Mama Mashine kakosa dizeli tena."

Hapo ndipo Bi Sihaba alipoelewa. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mteja hata mmoja. Bwanaheri alikuwa ametoboa kopo la maziwa akalifunga kwenye bomba la moshi, na injini ikiwaka, kopo linapiga tuku-tuku-tuku mpaka mabondeni huko kwenye mananasi. Mtu alikuwa analima, akisikia, anajua leo kunasagwa, anaweka jembe chini. Asiposikia, anajua hakuna. Bi Sihaba alifikiria mkono wake, kifua chake, dumu na kondakta. Sauti hakuifikiria hata kidogo. Nani anafikiria kelele?

"Njoo uone," akamwambia Tabia, akamvuta kwa kanga.

Tabia akasimama mlangoni akaitazama mashine, ndoo bado iko kichwani.

"Iko wapi?"

"Si hiyo."

"Hiyo imewaka?"

"Imewaka."

"Mbona inavuma kama friji? Wifi, umewekewa friji hapa. Huyo kijana kakuuzia friji."

"Tua ndoo, acha maneno."

Makopa yakamiminwa. Yakaingia, na chini ukaanza kutoka unga, mweupe, mlaini. Ulikuwa unatoka polepole kuliko zamani, hilo lilikuwa kweli, na Tabia hakukosa kulisema. Lakini alichukua unga kidogo, akaulamba. Akanusa. Akanusa tena.

"Unanuka muhogo," akasema, kama mtu aliyeshtuka.

"Ulitaka unuke nini?"

"Sijui. Nimezoea uwe na kaharufu."

Bi Sihaba akamwomba awaambie wenzake. Tabia akajitwika ndoo yake, akasema yeye si redio. Alimwambia mtu mmoja au wawili, na hao wakaja siku ya tatu, wakasaga, wakashangaa, wakaondoka. Watu waliobaki waliendelea kutegea masikio upande wa kibanda, na masikio yaliwaambia hakuna kitu. Njia ya kijiji cha pili ilijaa bodaboda zenye ndoo na viroba. Kila moja iliyopita Bi Sihaba aliinusa kabla hajaiona.

Jumatano jioni alisimama kando ya injini ya zamani, akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa ya baridi. Dumu la mwisho lilikuwa na dizeli ya kutosha kuiwasha. Angeiwasha, watu wangekuja wote, na Ijumaa Shamsudin angefungua paneli zake na kwenda Mapinga. Kisha Jumatatu yeye angekuwa stendi ya Bagamoyo, anamtafuta kondakta mwenye huruma. Hakutaka. Aliona hata aibu jinsi alivyokuwa hataki.

Alhamisi asubuhi akapata akili. Au alidhani ni akili.

Alikumbuka kwao mjini, alipokuwa mdogo. Sukari ikifika dukani, au mtu akipotelewa na mtoto, au kukiwa na tangazo lolote, alikuwa anapita mzee mmoja mitaani anagonga bati, kwa-kwa-kwa, watu wanatoka milangoni kumsikiliza. Bi Sihaba akatoa karai la chuma la kuchanganyia saruji, akachukua mchi wa kinu, akapanda juu ya kichuguu kilichoko nyuma ya kibanda, akagonga. Akagonga kwa roho yake yote. Karai lililia mpaka bondeni.

Haukupita muda, akaona watu wanakuja mbio. Moyo wake ukafurahi. Kisha akawaona vizuri. Wa mbele alikuwa Mzee Mwishehe, mtu mzima yule, suruali kaikunja mpaka magotini, mkononi ana mkuki. Nyuma yake wanaume na mapanga, wengine na rungu, mmoja kabeba jembe. Mbwa wawili wanatangulia. Watoto wanapiga mayowe.

"Wako wapi?" Mzee Mwishehe akauliza, anahema.

"Shikamoo babu."

"Marahaba! Wako wapi?"

"Wako wapi kina nani?"

"Nguruwe!"

Bi Sihaba akashusha mchi. Miaka yote aliyokaa Kiwangwa, alikuwa amesikia karai likigongwa mashambani mara nyingi tu. Alijua kabisa. Nguruwe mwitu wakiingia mihogoni, unagonga chuma, na kila mwanaume aliye karibu anakuja na alichoshika. Lakini asubuhi ile alikuwa amefikiri kwa kichwa cha mjini.

"Hakuna nguruwe," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natangaza mashine."

Mapanga yakashuka. Kisha mmoja nyuma akaanza kucheka, akafuata mwingine, na mwenye jembe akakaa kabisa chini.

Mzee Mwishehe yeye hakucheka. "Mwanangu, nimeacha mananasi yangu yako juani na mnunuzi kasimama. Nimekimbia. Mimi! Nimeruka mtaro! Umeolewa huku, umezika mume huku, mpaka leo hujui karai linagongwa kwa kitu gani?"

"Nisamehe, babu."

"Watu wa mjini nyie hamuivi. Mtu unamweka jikoni miaka ishirini, ukimfunua, mbichi."

Sasa kila mtu akacheka. Bi Sihaba naye alicheka kidogo ili asilie. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu na mchi mkononi, unga kwenye nyusi, na kesho ndiyo Ijumaa.

Mbwa hawakuelewa mambo yamekwisha. Mmoja akaingia kibandani kunusa, na Mzee Mwishehe akamfuata kumtoa. Hakutoka. Walipomchungulia, walimkuta ameinama, mkuki kauegemeza ukutani, kiganja kakikinga chini ya mdomo wa kinu. Bi Sihaba alikuwa ameacha makopa ya nyumbani kwake yanasagika.

"Hii inasaga," Mzee Mwishehe akasema.

"Inasaga, babu."

"Wewe unazungumza na mimi, nami nakusikia, na inasaga."

"Ndiyo."

Wanaume wakajazana ndani. Kila mmoja alitaka kuweka kiganja pale unga unapotoka. Wakauliza paneli zinakula nini, mvua ikinyesha zinalowa, mwizi akizichukua anakwenda nazo wapi. Mzee Mwishehe akaonja unga, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Hauna ladha."

"Hauna ladha ya nini?"

"Ya moshi. Mke wangu akinipikia huu nitajua kabadilisha chakula." Akafikiri. "Lakini nitakula."

Wakaondoka wakicheka, na hapo ndipo tangazo lilipoanza kazi. Ingekuwa Bi Sihaba amewatuma wakaseme mashine mpya inafanya kazi, wangesahau kabla ya kufika njia panda. Lakini habari ya Mzee Mwishehe kuruka mtaro na mkuki kumwinda nguruwe ambaye ni kinu cha kusagia, hiyo nani atakaa nayo? Ilifika mashambani, ikafika kisimani, ikafika gengeni. Kila aliyeisimulia ilibidi aeleze kwamba mashine inasaga bila sauti, maana bila hivyo kichekesho hakieleweki. Kufikia adhuhuri wanawake walianza kumiminika, wamekuja kumcheka Mama Mashine, na kwa kuwa wanakuja, wakabeba makopa.

Alisaga mpaka jua likainama. Ilikuwa polepole, na foleni ikawa ndefu, lakini kitu kikatokea ambacho Shamsudin hakukitaja. Wanawake hawakusimama nje kama zamani. Waliingia, wakakaa juu ya viroba vyao, wakazungumza. Mwanzoni walisahau, wakawa wanapandisha sauti na kunyoosha vidole, kisha wanajicheka. Mmoja akasema ana siri ya kuwaeleza, akainama kumnong'oneza mwenzake, na kibanda kizima kikasikia.

"Angalieni midomo yenu," Tabia akawaambia. "Zamani mlikuwa mnanisengenya nikiwa nimesimama pembeni yenu. Nilikuwa naona midomo tu."

"Sisi hatukukusengenya, Tabia."

"Haya. Sasa tutajuana."

Ndipo mmoja akauliza lile lililokuwa linamkera kila mtu. "Sasa Mama Mashine, kesho na keshokutwa tutajuaje kama unasaga? Au utatugongea nguruwe kila siku?"

Jibu la hilo Bi Sihaba alikuwa amelitafuta wiki nzima bila kulipata. Aliyejibu ni Tabia, tena kwa ukali, kama mtu anayechoshwa na ujinga.

"Makopa yako unaanika wapi?"

"Juani."

"Jua likiwa kali, yanakauka?"

"Yanakauka."

"Na hiyo friji yake inakula nini? Jua hilohilo. Siku makopa yako yanakauka, ujue anasaga. Siku ya mawingu unataka kusaga nini, matope? Toka nje, tazama juu, beba ndoo. Unataka na barua?"

Wakachungulia nje, wanapima anga. Kisha mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Na masika?"

"Masika siwezi kuwaahidi kila siku," Bi Sihaba akasema. "Mtasaga mapema, mtaweka. Jua likichungulia kidogo, nitasaga kidogo. Ikishindikana kabisa, tutatoa vinu, na mimi nitatwanga pamoja nanyi. Siku ile ya msiba dizeli ilitutwangisha kiangazi, jua kali liko juu yetu."

Hakuna aliyebisha. Walikuwa wanaikumbuka siku ile.

Ijumaa baada ya swala, kirikuu cha Shamsudin kikasimama nje. Alikuta ndoo zimepangwa kutoka mlangoni mpaka kwenye mbuyu mdogo, na wenye ndoo wamekaa kivulini wanamenya machungwa. Akazitazama, akatabasamu, lakini alikuwa mtu wa mapatano, hivyo aliuliza.

"Mama, niondoke na kipi?"

Bi Sihaba akaiendea kwanza injini. Injini ile Bwanaheri alikuwa akiifuta kwa fulana zake kuukuu. Kuna siku aliisifia mbele ya wageni kuliko alivyomsifia yeye. Akaitazama, nyeusi, imezama kidogo kwenye udongo ulioloweshwa mafuta mpaka ukawa kama lami.

"Utakwenda kuifanya nini?"

"Itakatwa, mama. Vyuma chakavu. Siku hizi watu hawazitaki."

"Mwenyewe angenielewa," akasema. Hakusema nani. "Ichukue hiyo."

Mzee Mwishehe na wenzake wakaitwa, safari hii bila mikuki. Wakaiinua kwa magogo na kamba, wanahesabu kwa pamoja, wanatukanana kwa utani. Mzee Mwishehe alisimama kando akitoa amri ambazo hazikufuatwa na yeyote. Kirikuu kililala upande mmoja, kikajiweka sawa, kikaondoka.

Pale ilipokuwa injini palibaki doa jeusi. Bi Sihaba akachukua koleo, akaanza kuuchimbua ule udongo, akiujaza kwenye gunia akautupe mbali na visima. Aliuchimba taratibu. Kifuani hakuhisi kikohozi, na mkono ulikuwa hauumi sana. Alikuwa anafikiria kwamba, nafasi ikishapatikana, anaweza kuweka benchi, watu wasikalie viroba vya unga. Labda na birika la chai.

Tabia akaingiza kichwa mlangoni.

"Wifi, unasaga au unafukua kaburi? Jua linashuka, na mimi ni wa nne."

Bi Sihaba akaweka koleo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akarudi kwenye kinu.